Seli inayokataa kufa: maswali ninayoulizwa sana kuhusu kansa

Nimekaa maabara ya patholojia miaka mingi. Kazi yangu ni kupokea kile kinyama daktari alichokata, nakigandisha kwenye nta, nakikata chembamba kuliko karatasi, nakipaka rangi halafu kinaenda kwa daktari anakisoma kwenye hadubini. Sasa watu wakishajua unafanya hiyo kazi hawakuachi, wanakuuliza kwenye daladala, wanakuuliza msibani, wanakupigia simu saa nne usiku wanalia. Na nimegundua maswali karibu yote mzizi wake ni mmoja: kwa nini seli ya kansa haifi? Nimeyaandika hapa yote, majibu yake ni kama ambavyo huwa nawajibu watu uso kwa uso.

Hivi ni kweli seli za mwili zinajiua zenyewe?

Ndiyo, na zinafanya hivyo kila siku, hata sasa hivi unavyosoma. Watafiti wamekadiria mtu mzima anabadilisha seli kama bilioni 330 kwa siku, nyingi ni za damu na za utumbo, zilizochoka zinaondoka na nyingine zinazaliwa kushika nafasi. Bila hiyo tusingekuwa na umbo hata la binadamu. Mkono wa mtoto akiwa tumboni unaanza kama mwiko, bapa, vidole vimeshikana, halafu seli za katikati ya vidole zinakufa kwa mpango ndo vidole vinaachana. Mkia wa kiluwiluwi unavyopotea mpaka anakuwa chura, hivyo hivyo. Mama akimwachisha mtoto ziwa, zile seli zilizokuwa zinatengeneza maziwa nyingi zinajiua taratibu na ziwa linarudi lilivyokuwa. Hakuna jipu wala usaha, na mwenyewe hata hujui kama kuna kitu kimekufa.

Jina lake la kitaalamu ni apoptosisi. Mimi huwa nasema tu kifo cha mpango.

Hilo jina limetoka wapi, na nani aliligundua hili jambo?

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, wakiwa Aberdeen huko Scotland, waliandika makala kwenye jarida la British Journal of Cancer wakasema tumekuwa tunaona seli zikifa kwa namna ambayo sio ya kuumizwa, zinanywea zinajikata vipande vipande kwa utaratibu, na hii inahitaji jina lake. Profesa wa lugha ya Kigiriki wa chuo hicho hicho akawapa neno linalomaanisha kupukutika, kama majani ya mti. Ukitaka kuelewa vizuri angalia mkungu ulioko uani, jani linageuka jekundu linadondoka na mti uko mzima kabisa, mti wenyewe ndo umeliachia lile jani.

Lakini jinsi mpango wenyewe ulivyoandikwa ndani ya seli, hilo tulifundishwa na mnyoo. Mnyoo mdogo wa milimita moja tu, C. elegans. Anapokua anatengeneza seli 1,090 na kati ya hizo 131 zinakufa, kila mnyoo ni zile zile 131 na kwa wakati ule ule, anabaki na 959. Kitu kinachotokea kwa hesabu namna hiyo hakiwezi kuwa bahati mbaya. Robert Horvitz akatafuta jeni zinazotoa hiyo amri akazipata, na mwaka 2002 yeye na Sydney Brenner na John Sulston wakapewa Nobel. Mwanzoni watu waliona ni mambo ya minyoo hayatuhusu, kumbe jeni hizo hizo na sisi tunazo, na moja ya jeni za mnyoo inafanana na jeni iliyokutwa kwenye kansa ya binadamu. Nitaifikia huko mbele.

Seli inajiuaje hasa?

Chukulia kila seli ina visu vyake ndani lakini viko kwenye ala. Visu hivyo ni protini zinazoitwa kaspasi, vinakaa tu havikati kitu mpaka ije amri, na amri inakuja kwa njia mbili. Ya kwanza inatoka ndani: DNA imeharibika vibaya, au seli imekosa chakula, au imetenganishwa na wenzake. Hapo mitokondria, ile mitambo midogo inayotengeneza nguvu ya seli, inatobolewa na kuvujisha protini inaitwa sitokromu c, ikishatoka tu visu vinachomolewa kimoja baada ya kingine. Njia ya pili inatoka nje: seli ya kinga inakuja inabonyeza kitufe kilichoko juu ya utando wa seli, wenyewe wanakiita kipokezi cha kifo, na visu vinachomolewa.

Sasa mlangoni pa mitokondria pana walinzi. Kuna wanaozuia mlango usitobolewe, mkubwa wao anaitwa BCL-2, na kuna wanaotoboa, BAX na BAK. Hao wanasukumana muda wote maisha yote ya seli, na upande utakaozidi nguvu ndo unaamua seli iishi au ife. Ukilielewa hilo moja tu utaelewa nusu ya mambo ya kansa, nakuambia ukweli.

Visu vikishaanza kukata, seli inanywea, kiini chake kinameguka, inajigawa vifurushi vidogo vimefungwa vizuri havivuji, na kwa nje inatoa alama ya mafuta fulani ambayo kawaida huwa yanakaa ndani. Alama hiyo ni kama inasema njoo unile. Seli za usafi zinakuja zinavimeza vile vifurushi na kazi imekwisha, masaa machache tu.

Mbona basi kidonda kikifa kinaoza na kunuka?

Hicho ni kifo kingine, cha kuuawa sio cha kujiua. Seli ikiungua, ikikosa damu ghafla, ikigongwa, inavimba inapasuka na vitu vyake vinamwagika nje, mwili unawaka pale panakuwa pekundu pana maumivu. Kitaalamu ni nekrosisi. Vifo viko vya aina nyingine pia vya katikati katikati, ila kwa maswali ya hapa hivi viwili vinatosha.

Haya, kansa inaingiaje hapo?

Wengi tunajua kansa ni seli zinazozaliana ovyo. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwili una breki nyingi na breki ya mwisho kabisa ni hii, seli ikianza kuzaliana bila mpangilio inalazimishwa ijiue, na hilo linatokea mara nyingi tu bila wewe kujua. Kwa hiyo ili kansa iwe kansa lazima ipate njia ya kukwepa kufa. Kuzaliana peke yake hakutoshi.

Ushahidi ulitoka kwenye kansa moja ya tezi za limfu, folikula limfoma. Miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba wagonjwa wengi sana wa kansa hiyo kipande cha kromosomu (vile vifurushi vinavyobeba jeni) ya 18 kimekatika kikaenda kujipachika kwenye ya 14, na hapo kilipopachikwa pana swichi inayowaka muda wote, basi ile jeni iliyobebwa ikawa inafanya kazi usiku na mchana. Jeni yenyewe ndo BCL-2, yule mlinzi wa mlango. Kila mtu alidhani ni jeni ya kuzalisha seli kama zile nyingine zilizokuwa zinajulikana. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams, kule Melbourne Australia, wakaonyesha haizalishi chochote, inachofanya ni kuzuia seli isife. Yaani ile kansa inajaa taratibu kwa sababu wa zamani hawaondoki, kama nyumba ambayo wageni wanaingia na hakuna anayeaga. Na ile jeni ya mnyoo niliyosema, inayozuia seli za mnyoo zisife, ni ndugu wa BCL-2.

Ripoti yangu imeandikwa p53. Ni nini hicho?

p53 ni protini, na ndo mkaguzi mkuu. DNA ikiumia p53 inapanda, inaiambia seli simama kwanza urekebishe, na kama uharibifu ni mkubwa inatoa amri ya kujiua. Iligunduliwa 1979. Karibu nusu ya kansa zote za binadamu jeni yake imeharibika, hakuna jeni nyingine inayoharibika mara nyingi hivyo kwenye kansa.

Pale maabara tunaipaka rangi ya kahawia ili ionekane, na hapa watu wanachanganyikiwa sana. p53 nzima huwa haikai, inatengenezwa na kuvunjwa haraka, kwa hiyo rangi inatoka kidogo kidogo, seli hii ina rangi ile haina. Iliyoharibika mara nyingi haivunjiki, inarundikana, basi viini karibu vyote vinatoka kahawia nzito. Na saa nyingine jeni imekatika kabisa, hapo hakuna rangi hata seli moja, na hiyo nayo ni mbaya. Kwa hiyo ukiona wameandika imeonekana kwa wingi usifurahi kwamba wakaguzi wako wengi, na ukiona hakuna kabisa usitulie. Muulize daktari wako maana yake kwa aina ya kansa yako, maana uzito wake unatofautiana.

Hii p53 inaharibiwa na nini?

Vitu vingi, nitaje vitatu vinavyotuhusu huku kwetu.

Jua. Ukiungua na jua halafu ngozi ikababuka, zile seli nyingi zimejiua kwa makusudi kwa sababu mionzi iliharibu DNA yake, p53 imefanya kazi yake. Shida ni pale mionzi inapoiharibu p53 yenyewe, seli hiyo kesho ikiungua haitajiua tena, na jua linaua majirani zake wazima linamwachia nafasi. Ndugu zetu wenye ualbino hawana ile rangi inayokinga kwa hiyo wanapigwa toka utotoni, na kansa ya ngozi inawaondoa mapema mno, inaniuma kila mara nikipokea kinyama kutoka kwa kijana wa miaka 25 mwenye kidonda kilichokaa usoni muda mrefu. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua toka utotoni, hayo sio mapambo.

Sumukuvu. Mahindi na karanga zikihifadhiwa mbichi zinaota ukungu na ukungu unatoa hiyo sumu. Ikiingia kwenye ini inaipiga jeni ya p53 sehemu moja maalum, kodoni ya 249, mpaka watafiti wakiona alama hiyo kwenye kansa ya ini wanajua sumukuvu ilipita hapa. Na mtu akiwa na virusi vya homa ya ini B na anakula sumukuvu, hatari inapanda sana kuliko kimoja peke yake. Kausha mahindi vizuri, usiyaweke chini sakafuni, na yaliyooza usimsagie mtoto uji, kuchemsha hakuondoi hiyo sumu.

Cha tatu ni kirusi, na kinastahili swali lake.

Kirusi cha HPV kinahusianaje na seli kukataa kufa?

Hapa ndo utaona ujanja. Kirusi kikiingia kwenye seli kinataka seli iendelee kuishi na kuzaliana ili na chenyewe kizaliane, na seli ikishtuka kwamba imeingiliwa inataka kujiua. Basi zile aina mbaya za HPV, hasa 16 na 18, zinatengeneza protini inaitwa E6 ambayo inaikamata p53 na kuipeleka kuvunjwa. Jeni ya p53 haijaharibika hata kidogo, ipo nzima, ila kila p53 inayotengenezwa inabebwa na kutupwa. Na protini ya pili, E7, inaondoa breki ya kuzaliana. Kansa ya shingo ya kizazi inaanzia hapo, na Tanzania ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake.

Ndo maana nikisikia mzazi anakataa chanjo ya HPV roho inaniuma. Rwanda walianza 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019, na Tanzania toka 2024 ni dozi moja tu kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Ukizuia kirusi umezuia E6, na p53 ya binti yako inabaki kazini. Wewe mama uliyeshapita umri huo nenda kapime, mabadiliko yanachukua miaka mingi kabla hayajawa kansa na yakikutwa mapema yanatibika bila hata kulazwa.

Mtoto wangu amevimba taya na meno yanacheza, kuna mtu kaniambia ni Burkitt. Ni nini?

Kwanza kama ni kweli amevimba taya haraka ndani ya wiki chache, acha kusoma nenda hospitali kubwa leo. Jibu utalisoma ukiwa foleni.

Burkitt ni kansa ya seli za kinga na imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa aangalie mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia, jambo ambalo sio la kawaida, na wiki chache baadaye akaona mtoto mwingine sehemu nyingine ana hivyo hivyo. Akaandika makala 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka Afrika Mashariki mpaka kusini, kama maili 10,000, wakiuliza kila hospitali mnawaona watoto hawa? Wakakuta wapo kwenye maeneo ya joto na mvua, mabondeni, na milimani kwenye baridi hawapo, yaani ramani yake inafuatana na ya malaria. Vinyama vikawa vinapelekwa London kwa ndege, na kwenye hivyo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakuta kirusi mwaka 1964, Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Sasa sikiliza kifo cha mpango kinavyoingia humu. Kwenye Burkitt kromosomu ya 8 na ya 14 mara nyingi zimebadilishana vipande, na jeni iitwayo MYC inabaki imewaka. MYC ni gia kubwa ya kuzaliana, lakini mwili una akili, MYC ikiwaka kupita kiasi yenyewe inaita kifo cha mpango. Kwa hiyo seli yenye MYC iliyowaka ilitakiwa ife tu. Kirusi cha Epstein-Barr kinaisaidia isife, kwa mfano kinazima protini moja inaitwa BIM ambayo kazi yake ni kuwatetemesha walinzi wa mlango wa mitokondria. Na malaria za kila mara zinazifanya hizo seli za kinga zizaliane bila kupumzika, na kimeng'enya kinachokata DNA zake kila zinapojifunza ugonjwa mpya kinakata na pasipotakiwa. Vitu vitatu hivyo vikikutana kwa mtoto mmoja ndo hiyo. Sio kurogwa, na sio kwamba mama alikosea kitu. Kirusi chenyewe karibu sisi wote tunacho toka utotoni, kinaambukizwa kwa mate, kansa yenyewe haiambukizi, mlaze mtoto na ndugu zake kitanda kimoja kama kawaida.

Ukiangalia slaidi yake kwenye hadubini unaona kitu ambacho sijawahi kukizoea. Seli za kansa zimejaa zambarau nzito kama anga la usiku, na katikati kuna matundu meupe meupe, wataalamu wanaita anga lenye nyota. Kila nyota ni seli ya usafi imemeza seli za kansa zilizojiua. Yaani hata ndani ya uvimbe unaokua haraka kuliko karibu kansa zote za binadamu, seli zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, bado mpango wa kufa upo na unafanya kazi, umezidiwa tu na kasi.

Na hiyo ndo habari njema. Kansa ambayo iko ukingoni mwa kufa hivyo ukiisukuma kidogo inaanguka. Miaka ya 1960 pale Uganda watoto walipewa dawa ya kemo iitwayo saiklofosfamaidi na taya zikanywea ndani ya siku, wengine wakapona moja kwa moja, na mwaka 1967 pakaanzishwa kituo ambacho leo ni Uganda Cancer Institute. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu kule Sengerema, alianza hivyo hivyo, meno yamelegea, akapelekwa kituo kimoja wakang'oa jino, wiki iliyofuata wakang'oa la pili, wiki mbili zimekwenda bure na uvimbe umeshafika jichoni. Ndo maana nimesema uende leo. Meno ya mtoto yakilegea yenyewe na taya limevimba lisiguswe mpaka kinyama kipimwe.

Kemo inauaje kansa? Ni sumu?

Dawa nyingi za kemo zinaharibu DNA au zinakwamisha seli wakati inajigawa, lakini mara nyingi sio dawa yenyewe inayomalizia, dawa inaiumiza seli na seli inaamua ijiue. Mionzi nayo vile vile. Kwa hiyo kansa ambayo mpango wa kufa umevunjika kabisa inapigwa kemo na inasimama tu.

Nywele kutoka, vidonda mdomoni, kuharisha, damu kushuka, vyote ni kwa sababu seli za nywele, za mdomo, za utumbo na za uboho zinazaliana haraka na mpango wake wa kufa ni mzima kabisa, zinatii. Zikipumzishwa zinarudi, ndo maana kuna mzunguko, wiki tatu tatu au kama daktari alivyopanga.

Na kwa nini mtoto wa Burkitt anawekewa dripu nyingi kabla ya kemo na wanapima mkojo kila saa? Kwa sababu seli mabilioni zikifa kwa pamoja seli za usafi zinazidiwa, potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki vinamwagika kwenye damu, figo zinaweza kuziba na moyo kusimama. Wanampa maji na alopurinoli ili figo zihimili. Ukimwona nesi anasumbua na chombo cha mkojo msaidie, anamlinda mtoto wako.

Ripoti imesema seli nyingi zinakufa ndani ya uvimbe. Si ni nzuri hiyo?

Hapana, sio lazima. Mara nyingi uvimbe wenye vifo vingi ni uvimbe unaozaliana kwa kasi sana, Burkitt ndo mfano. Tena seli inayokufa saa nyingine inaachia ujumbe wa kuwaambia majirani wazaliane wajaze nafasi, utaratibu mzuri kwenye kidonda ila kwenye kansa unageuka kuwa msaada kwa adui.

Kuna dawa zinazolenga huu mpango moja kwa moja?

Zipo. Venetoclax ilipitishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya kansa ya damu ya watu wazima, na ni kidonge kinachokwenda kukaa pale pale BCL-2 inapowashikilia wale watoboaji wa mlango. Wakiachiwa wanatoboa na seli inakufa. Toka 1988 walipojua BCL-2 inafanya nini mpaka kidonge ni miaka 28. Na inaua haraka kiasi kwamba dozi inapandishwa ngazi kwa ngazi, unaanza miligramu 20 unafika 400 wiki ya tano, kwa sababu ile ile ya figo. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wagonjwa wetu wengi na mimi naona hili lisemwe wazi.

Halafu kuna dawa za kufungua kinga ya mwili. Seli za kinga zinaua kansa kwa kuitoboa na kuingiza vimeng'enya vinavyochomoa vile visu, yaani hata zenyewe zinailazimisha seli ijiue. Kansa zinajifunza kuwazima hao walinzi. Tasuku Honjo wa Japani aliitafuta jeni ya kifo cha seli mwaka 1992 akakuta breki ya kinga, PD-1, na 2018 akapata Nobel pamoja na James Allison.

Kuna klipu inasema ukifunga siku tatu seli za kansa zinajila zinakufa. Ni kweli?

Klipu hiyo nimetumiwa na watu wengi sana. Inachanganya vitu viwili. Otofajia ni seli kusaga vitu vyake vilivyochakaa ili ipate chakula, Yoshinori Ohsumi alipata Nobel ya hiyo mwaka 2016, ni kweli kabisa na njaa inaiamsha. Lakini hiyo ni mbinu ya kuishi, sio ya kufa. Seli ya kansa iliyo katikati ya uvimbe ambako damu haifiki vizuri inaitumia hiyo hiyo otofajia ili isife. Mgonjwa wa kemo anapungua mwili tayari, ukimkatia chakula siku tatu unamwondolea nguvu ya kuhimili mzunguko unaofuata. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima aongee na daktari wake, ataambiwa kulingana na hali yake.

Na majani ya mstafeli?

Najua wengi mnachemsha. Ni kweli maji ya mstafeli yakimwagwa kwenye seli za kansa kwenye kisahani cha maabara zinakufa, hata ukimwaga sabuni zinakufa pia. Swali ni je, mtu akinywa, inafika kwenye uvimbe kwa kiasi cha kuua kansa bila kumuua yeye? Hakuna utafiti kwa wagonjwa ulioonyesha inaponya. Na mstafeli una kitu kinaitwa anonasini ambacho kinaumiza seli za neva, kule visiwa vya Guadeloupe wanaotumia sana wamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Tunda lile siku moja moja halina neno, nazungumzia kunywa majani lita kwa lita miezi sita huku kansa inakua.

Sidharau mimea. Vinkristini, dawa ambayo mtoto wa Burkitt anachomwa, imetoka kwenye kile kimaua cha pinki kutoka Madagaska ambacho wengi mmekipanda mlangoni. Lakini ilitenganishwa, ikapimwa, inatolewa kwa vipimo vidogo mno vinavyohesabiwa kwa ukubwa wa mwili. Usichemshe hilo ua, ni sumu kweli.

Ni kweli tembo haugui kansa?

Anaugua ila kidogo sana, kama asilimia 5 tu ndo wanakufa nayo ingawa ana seli nyingi mara mia kuliko sisi na anaishi miaka mingi. Mwaka 2015 ilionekana ana nakala kama 20 za jeni ya p53 kutoka kwa kila mzazi, sisi tuna moja tu tunayorithi kwa baba na moja kwa mama. DNA yake ikiguswa kidogo tu seli inajiua, haisubiri.

Uvimbe umeisha mzunguko wa pili. Kwa nini nisirudi nyumbani?

Hili ndo swali ninalojibu nikiwa nimekushika mkono. Uvimbe wa sentimita moja tu una seli zinazokaribia bilioni moja. Kemo ikiua 99 kati ya kila 100 zimebaki milioni 10, na milioni 10 hazionekani kwa macho, huzigusi kwa kidole, saa nyingine hata ultrasaundi haizioni. Na zilizobaki sio zozote tu, ni zile zilizokuwa na BCL-2 nyingi kidogo, au p53 imekatika, zile zinazojua kutokufa. Ukiziacha zijae tena utakuwa na uvimbe mpya ambao wote ni watoto wa zile zilizoshinda dawa. Ndo sababu kansa iliyorudi ni ngumu kuliko ya kwanza, na ndo sababu wanachanganya dawa tatu nne kwa pamoja, inayokwepa hii ikamatwe na ile, na wanachoma na uti wa mgongo kwa sababu kwenye ubongo dawa ya mshipa haifiki vizuri.

Dada yangu alitaka kuondoka baada ya mzunguko wa pili. Taya lilikuwa limerudi, mtoto anakula ugali, na kule nyumbani mpunga ulikuwa unadondoka shambani hakuna wa kuvuna. Nilimpeleka maabara nikamwekea slaidi ya mwanae ya siku ya kwanza kwenye hadubini nikamwonyesha lile anga na zile nyota, nikamwambia hizi nyeupe ndo zilizokufa, sasa hesabu zambarau. Akaangalia muda mrefu hakusema kitu. Akampigia mume wake akamwambia atafute vibarua wa kuvuna, sisi tunabaki mpaka wa sita.

Tukabaki mpaka wa sita. Mwaka huu yuko darasa la nne, lile pengo la meno mawili bado analo.